Bi Nyamizi Amenililia Kabla Sijaondoka

Jumapili, alasiri. Manundu, Korogwe.

Mvua ya leo si mvua, ni manyunyu ya kero. Haijazi pipa, hairuhusu mtu kuanika nguo, inatosha tu kuugeuza ua wa dada Mwanaidi kuwa tope. Naishukuru hata hivyo, maana imewarudisha watu makwao mapema, nami sihitaji kutafuta sababu ya kujifungia humu chumbani. Nimekaa kitandani, sanduku langu limeshafungwa kamba, gari moshi ni kesho asubuhi. Nyuma ya ukuta nawasikia wanawake wakiosha vyombo bila kuzungumza. Wanawake wa nyumba hii, vyombo, na kimya! Kimya hicho nimekisababisha mimi.

Nimeaibika leo. Naliandika mwanzoni kabisa nisije nikaanza kuzungukazunguka kama ilivyo desturi yangu.

Nimeaibika mbele ya mjomba, mbele ya dada, mbele ya majirani na wageni waliotoka Kilole kwa miguu kuja kuniaga. Na hakuna hata mmoja aliyenifanyia ubaya. Nimejifanyia mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu uliosomeshwa.

Nikifungua kurasa za nyuma za shajara hii naona nimezijaza habari za ndizi za Kerenge na milima ya Usambara inavyopendeza asubuhi, kama mtalii. Lililokuwa kichwani sikuliandika. Basi leo naliandika.

Nimemaliza shahada yangu ya pili huko Marekani, elimu ya maji: mito, mvua, visima, malambo. Ruhusa yangu ya mwanafunzi ilikwisha, nikalazimika kurudi nyumbani na kuomba upya. Afisa wa viza aliyeko Nairobi, Mzungu mpole mwenye mafua yasiyokwisha, alinieleza kwamba milango ni miwili na siwezi kusimama katika yote. Mlango wa kwanza ni viza ya kazi ya mazoezi. Nikiichukua, nitafanya kazi na profesa wangu kwa mwaka mmoja na nusu, kisha ni lazima nirudi Tanganyika, na siwezi kuomba kuhamia kule mpaka niwe nimekaa kwetu miaka miwili kamili. Mlango wa pili ni viza ya kuhamia. Mwenye kuichukua huinua mkono mbele ya afisa na kutamka kwamba anakwenda kufanya makao. Baada ya hapo ni kazi yoyote, mji wowote, na hakuna wa kumuuliza atarudi lini. Moyoni nimezipa majina: ile fupi na ile ndefu.

Afisa akapenga kamasi, akaniambia nikafikiri, nikusanye karatasi zangu, nirudi kwake na neno moja tu.

Nilikuwa nimeshachagua kabla sijamaliza kushuka ngazi za ofisi yake. Nilichagua ile ndefu.

Ningependa kuandika kwamba nilichagua kwa hasira ya haki, na hasira kweli ipo. Nilipofika nyumbani nilibisha hodi kwenye ofisi moja ya serikali mjini Tanga, vyeti mkononi. Nikaambiwa ipo nafasi ya msaidizi, chini ya kijana wa Kizungu ambaye hajawahi kupima hata mfereji, na mshahara wangu utakuwa wa daraja la Waafrika. Nilitoka pale bila kuaga. Tangu siku hiyo, kila nikijiuliza kwa nini naondoka, namtanguliza kijana yule mbele yangu awe ngao.

Lakini humu najisemea peke yangu. Kule Marekani nako ipo mikahawa isiyokubali kuniuzia hata chai, kwa hiyo si heshima ninayoifuata. Nafuata bomba. Nafuata kufungua maji ya moto asubuhi, mlango umefungwa, niko peke yangu, na hakuna anayeniita nje kusikiliza shauri la mbuzi aliyekula mihogo ya mtu. Nafuata kulala bila kuwaza ukoo. Nilikwenda kusomea maji kwa sababu Handeni haina maji, na nilipoyaona yanatoka ukutani nikayapenda huko huko yalipo.

Aibu ya kwanza ndiyo hiyo, na ningeweza kuishi nayo. Watu wengi wanaishi nayo.

Ya pili ni mjomba.

Mjomba Mgaza ndiye aliyenilea. Baba alifariki nikiwa sijaanza kutambaa, na kwetu Wazigua mtoto ni wa mjomba wake hata kama baba yu hai. Alinipeleka shule kwa fimbo, akanitoa shule moja na kunitia nyingine, akawaambia wazee wa kijiji kwamba huyu Mhina atakwenda kuleta maji. Juma lililopita nilikuwa kwake Handeni. Siku ya kwanza tu akanichukua hadi nyuma ya msikiti, kwenye bonde dogo lenye nyasi, akasimama amejishika kiuno. Kumbe miaka yote niliyokuwa nje amewakataza watu wasilime pale, kwa sababu ni mahali pa lambo la Mhina. Watu wamelalamika, wengine wamemnunia, yeye hakutikisika. Nami nikatazama. Ni mchanga mtupu. Bonde lile haliwezi kushika hata maji ya kunawa.

Nikasema, "Pazuri, mjomba."

Kisha nikamwomba anisindikize bomani. Viza ndefu inataka mtu aliyeshuhudia kuzaliwa kwangu aape, maana cheti cha kuzaliwa sina. Ile fupi haitaki kiapo cha mtu yeyote. Mjomba alivaa kanzu yake ya Idi na koti juu, joto lile lote, akasimama mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, mkono juu ya msahafu, akaapa kwamba nilizaliwa nyumbani kwa bibi yangu na kwamba yeye ndiye aliyekwenda kumwita mkunga. Karani alipouliza kiapo hiki ni cha nini, mjomba akanigeukia, maana hakujua. Nikajibu mimi: karatasi ya safari tu. Mjomba akatikisa kichwa kukubali, kwa fahari, kama aliyesema mwenyewe. Tulipotoka alinunua embe kwa wanawake wa barazani akanichagulia lililoiva zaidi, na mimi nikalila.

Nililila lote. Hata kokwa nilifyonza.

Sasa ya leo. Mjomba alikuja nami mpaka hapa Korogwe kwa lori ili anipandishe gari moshi mwenyewe. Dada akapika, majirani wakaja, pilau ikaliwa, dua ikasomwa. Na alikuwepo Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi ni jirani ya dada, mjane, Mnyamwezi. Mumewe aliletwa kutoka kwao kwa mkataba wa kukata mkonge, akafia huku, naye hakurudi. Kwa hiyo ni mtani wetu, maana Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Amenitania tangu nikiwa mwanafunzi wa kaptura. Kila nikija likizo hunipokea kwa kuuliza, "We Mzigua, mara ya mwisho kuoga ni lini?" nami humjibu, "Tangu mlipotuletea kupe kutoka Tabora." Hapo tumesalimiana.

Mtani ana haki zake, na haki kubwa ni msibani. Sisi tunalia, yeye anamwigiza marehemu: anavyotembea, anavyokohoa, alivyokuwa bahili. Anachukua kofia yake, anakaa mlangoni hamwachii mtu apite mpaka apewe kitu. Waliofiwa hucheka huku machozi yanawatoka, na hivyo ndivyo msiba unavyopungua uzito. Kumkasirikia ni mwiko. Anayekasirika ndiye mkosaji, na analipa kuku papo hapo. Hili kila mtoto wa Handeni analijua kabla hajajua kuhesabu.

Basi tumemaliza kula, nje kukasikika kilio. Bi Nyamizi akaingia, amejipaka majivu usoni, khanga amejifunga kiunoni, mikono kichwani. "Uuuwi! Mhina wetu! Mhina ametutoka!"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba alicheka mpaka kofia ikamtoka. Bi Nyamizi akatwaa koti langu lililokuwa mgongoni mwa kiti, akalilaza juu ya mkeka, akalifunika upande wa khanga, akapiga magoti kando yake. Akanivua miwani usoni akaivaa. Akawa mimi. Alitembea kwa hatua ndefu, pua juu, akachukua kijiko na kukitazama huku na huku kama kina kinyesi cha kuku, akamwambia dada, "Tenkyu, Mwanaidi, lakini maji haya yamechemshwa?" Ee, nilisema hivyo juzi. Wanawake wakashikana mabega kwa kucheka. Hata mimi nilikuwa nacheka.

Kisha akaanza kugawa mirathi. Viatu kwa mjomba, shati kwa imamu. Akafika kwenye sanduku lililokuwa mlangoni pa chumba changu, akajaribu kuliinua, likamshinda, akasita kidogo. Akalitikisa, kikombe cha bati kikalia ndani. Akageuka kwa watu, bado ana sauti ya kilio lakini ameipunguza.

"Jamani njooni mwone. Hata kikombe chake cha bati kakifunga. Mtu wa kurudi huacha japo shuka. Huyu ametubebea kila kitu, ametuachia jina. Mwacheni nimlie sawasawa, maana huyu ndugu zangu harudi!"

Watu wakacheka tena. Walidhani ni utani.

Mimi niliinuka. Nikamnyang'anya miwani usoni, nadhani nilimkwaruza, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Toka hapa! Manamba we! Nani amekuita?"

Mtoto mmoja alicheka peke yake, mama yake akamfinya.

Manamba. Neno la kumwita mtu aliyeletwa na namba shingoni kukata mkonge wa wengine. Kwa mjane wa manamba, mbele ya watu, katika nyumba ambayo ameingia na kutoka kama ya kwake. Dada aliweka mkono mdomoni. "Mhina," alisema, "umemkasirikia mtani?" Aliuliza kama anayeuliza, "Mhina, umekojoa hapa?" Na kila mtu aliyekuwepo akawa anajiuliza lile lile: utani gani unaweza kumkasirisha mtu kiasi hiki, kama si ule uliogonga pale pale?

Mjomba hakunitazama. Alitoka nje mvuani kwa miguu mitupu, akamkamata kuku wa dada, akamfunga miguu, akarudi naye, akampa Bi Nyamizi kwa mikono miwili. "Mtani wetu," alisema, "mtoto amepotoka. Pokea, yaishe."

Bi Nyamizi alikuwa anajifuta majivu kwa ncha ya khanga. Alijifuta taratibu, hakuwa na hasira, na hilo liliniogopesha.

"Sina ubaya, mzee wangu," alisema. "Lakini kuku wa faini hutoka kwa mtani. Huyu bwana ni mgeni. Mgeni hatozwi."

Akaliokota koti langu, akalikung'uta, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Akanigeukia mimi. "Safari njema, bwana." Akatoka.

Bwana. Tangu nimjue ameniita kupe, fisi, jizi la mihogo, mume wangu asiye na meno. Hajawahi kuniita bwana.

Watu wakaanza kukumbuka kwamba nguo zao ziko nje.

Mjomba ameingia humu chumbani si muda mrefu uliopita. Hakuna kiti, akakaa juu ya sanduku langu. Mjomba akiwa na jambo zito huacha Kiswahili akasema Kizigua, polepole, na hivyo ndivyo alivyofanya. Ninaandika maneno yake kadiri ninavyoweza.

"Mtani kakugusa wapi?"

Nikatazama kamba ya sanduku.

"Ile karatasi niliyoiapia Handeni ni ya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia ile fupi ni nini na ile ndefu ni nini, na kwamba kiapo chake ni cha ile ndefu. Nilipoanza hayo nikashindwa kunyamaza, nikamwambia na la bonde, kwamba ni mchanga, kwamba nilijua nilipolitupia jicho la kwanza.

"La bonde nilijua," alisema. "Ulisema pazuri kabla hujainama kuushika udongo. Mtu aliyesomea kitu haachi kukishika. Nilijiambia labda umechoka na safari."

Alisugua tope kwenye unyayo wake kwa kidole. Nilingoja anipige, au anilaani, nami ningeshukuru kwa lolote kati ya hayo.

"Sikukatazi," akasema. "Mtu mzima huenda anakotaka. Ndugu zangu wawili walikwenda Mombasa wakasema wazi, sisi ndio basi. Tukawalilia. Mama alilia mpaka akaugua, kisha akapona, akaendelea kulima. Wewe umetupikisha pilau. Umetusomesha dua ya mtu anayerudi. Ulitaka tukae pale tukitazama barabara mpaka tufe, kila lori likipita dada yako atoke nje. Kwenda umeruhusiwa, Mhina. Ni kilio chetu ulichotuibia."

Nilitaka kusema kitu juu ya yule kijana wa Kizungu wa Tanga. Nashukuru sikusema.

Akainuka, magoti yakalia. Mlangoni akageuka. "Basi niambie kabla hujapanda gari. Nikulilie, au nikungoje? Vyote viwili siwezi. Nimezeeka."

Ametoka kwenda kuswali alasiri. Mimi niko hapa. Nimejaribu kujibu kwa sauti, peke yangu, nione ni neno lipi linatoka. Halikutoka hata moja.

Nasikia kuku anapiga mbawa jikoni. Bado amefungwa miguu.

*

Jioni, baada ya magharibi.

Nimerudi kuandika. Nilitoka.

Nilimchukua yule kuku nikaenda naye mwenyewe kwa Bi Nyamizi, nyumba ya pili kutoka hapa, umbali wa kutema mate, lakini nilihisi Manundu nzima imekuja kukaa barazani kunitazama nikipita. Huenda walikuwa wamekaa tu kwa sababu manyunyu yamekatika.

Bi Nyamizi alinikaribisha. Heri angenifukuza. Alitoa kiti, akakifuta kwa khanga, akanipa maji kwenye glasi, juu ya kisahani. Nyumba ile nimekunywa maji kwa kata ya mtungini tangu utotoni, huku nikitukanwa kwamba Wazigua tukionyeshwa maji tunayakimbilia kama ng'ombe. Leo ni glasi na kisahani. Nikamwomba radhi. Nilisema yote, kwamba nilimtusi, kwamba neno lile sikustahili kulitamka, kwamba alichokisema kilikuwa kweli na ndiyo maana kiliniuma.

"Nimesamehe, bwana. Hamna neno."

Nikajaribu kumchokoza. Ee, nilijaribu! Nikasema, "Lakini Bi Nyamizi, na wewe kulia hujui. Umelia kama fisi aliyebanwa na mlango." Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu lile ambalo watu humpa mgeni aliyekosea Kiswahili. Sijapata kuona kitu kigumu kama tabasamu lile.

Kisha akaniambia, kwa upole, akitazama glasi yangu: "Manamba ni kweli, bwana, hukunisingizia. Marehemu alimwambia mama yake anakwenda msimu mmoja wa mkonge. Msimu ukiisha anasema mmoja tena. Mama mkwe alikuwa akimtengea ugali kila jioni, amefunika na sahani. Wakimwambia mama, tule, anasema ni wa mtu yuko njiani. Amekufa anatenga. Sisi huku habari tulizipata mwaka uliofuata." Akanyanyua glasi tupu. "Nikuongeze maji?"

Nikasema hapana, asante. Nikaaga. Kuku nilimwacha pale sakafuni, naye akamwokota akanirudishia mkononi. "Rudi naye. Siku ukiwa mtani utamleta."

Basi nimerudi Manundu yote ikiona, mimi na shahada zangu mbili, na kuku aliyekataliwa kwapani. Mzee mmoja barazani alinijibu shikamoo yangu kisha akaangalia kuku, akaangalia pembeni. Najua kitakachosimuliwa hapa miezi ijayo. Nilistahili, na jambo la ajabu ni kwamba njiani pale, aibu ikinichoma masikio, nilijisikia niko kwetu kuliko siku yoyote tangu nirudi. Kule Marekani nikikosa hakuna anayejua. Nikifanya ubaya naosha uso, naenda kazini. Hakuna mtu hata mmoja katika mji ule ambaye anaweza kuniaibisha kiasi hiki, kwa sababu hakuna ninayemhusu kiasi hiki.

Sitaki kulipamba hili. Nimeandika ili nikumbuke, maana najijua nilivyo mwepesi wa kusahau nikishapata maji ya moto.

Nilimkuta mjomba ukumbini, amemaliza kuswali, anakunja mkeka. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kueleza.

"Ningoje, mjomba," nikasema.

Alinitazama muda. Macho yake siku hizi yana ukungu, sijui aliona nini.

"Ni kwa sababu ya aibu?"

Ningeweza kusema ni kwa sababu ya Handeni, ya wanawake wanaochimba mchanga wa mto kutafuta maji, ya Uhuru ambao vijana hapa wanauzungumzia kila kona. Yangekuwa maneno mazuri, na baadhi yake yana ukweli.

"Ndiyo, mjomba. Ni aibu."

"Haya," akasema. "Iangalie isipoe njiani. Nairobi kuna baridi."

Akaniuliza kama pa lambo papo kweli mahali pengine, au hapapo kabisa. Nikamweleza kuhusu udongo wa mfinyanzi ulio chini ya mashamba ya mihogo, kule wanawake wanakotoa udongo wa vyungu, na kwamba sina hakika, inabidi kuchimba na kupima, na inaweza kushindikana. Alisikiliza huku anachomoa uzi uliofumuka kwenye mkeka. Alisema atawaruhusu watu walime lile bonde la mchanga msimu huu, na kwamba itabidi awaombe radhi wale aliowanunisha, na hilo litamchukua muda maana ni wengi. Sauti yake haikuwa ya kunisamehe. Ilikuwa ya mtu anayepanga kazi. Kisha akaniacha akaenda kujinyoosha, na dada akanipitishia chakula mlangoni.

Sasa niko na karatasi zangu kitandani. Nimekitoa kiapo cha mjomba katikati ya zile nyingine na kukiweka peke yake. Viza fupi haikihitaji. Nilidhani nitakichana, lakini ni jina lake na mkono wake, nimeona vibaya, nitamrudishia asubuhi stesheni ajue pa kukiweka.

Afisa ataniuliza neno moja, nami nitasema ile fupi. Nitasema haraka, kabla hajapenga kamasi. Mwaka mmoja na nusu, kisha gari moshi hili hili kushuka, kisha ofisi ya Tanga na yule kijana, ambaye huenda nitamfundisha kupima mfereji nikimwita bwana. Nitachukia. Nitamkumbuka profesa wangu na bomba langu na nitakuwa na kisirani, na watu watasema elimu imemharibu Mhina.

Mtu aliyerudishwa na aibu, huyo naye huhesabiwa amerudi? Sijui. Nadhani Bi Nyamizi ndiye atakayeamua, siku atakaponitukana tena.

Ee Mola, ninajijua. Nisije nikawa nimemdanganya mjomba mara mbili.